Kioo cha Upande wa Alphonse

Siku ya Jumanne, saa sita na dakika kumi mchana, mwalimu Honorine alitoka darasani na chaki kwenye vidole, akalikuta gari lake palepale alipoliacha, kando ya ukuta wa shule, upande wa mto Naviundu. Milango ilikuwa imefungwa na magurudumu yalikuwa manne. Kioo cha kutazamia nyuma, kile cha mkono wa kuume, hakikuwapo. Wezi walikuwa wamekitoa kwa adabu: ganda lake la plastiki halikuwa na hata mkwaruzo, limebaki wazi kama tundu la jino.

Aliweka daftari za wanafunzi juu ya boneti. Hakushangaa. Lubumbashi vioo vya magari huondoka kama mvua inavyoondoka mwezi wa nne. Ndiyo sababu watu huchorewa namba ya gari kwenye kila kioo, ili mwizi aone haya ya kukiuza. Mumewe Alphonse, mtu wa Mitwaba, aliishi kwa kazi hiyo. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye kivuko cha reli na mashine yake ndogo yenye ncha ya chuma, akichora namba za watu. Hakuna mwizi aliyeona haya, lakini wote walikubali kwamba Alphonse alikuwa na mwandiko mzuri.

Kilichomchosha Honorine ni kwamba kati ya vioo vyote walichukua kile.

Alphonse aligongwa Jumamosi moja jioni, miaka miwili iliyopita, palepale kazini pake. Gari halikusimama. Polisi waliandika katika karatasi zao "gari lisilojulikana", wakafunga faili. Tangu juma lile, kioo cha kuume cha gari la Honorine kilisimama, kama saa inavyosimama. Magari ya leo hayakuonekana ndani yake. Kilionyesha barabara jinsi gari linalokibeba lilivyoiacha nyuma juma lile, basi. Kwa hiyo kila asubuhi, akishavuka reli, Honorine alitupa jicho kuume na kumwona mumewe amesimama ukingoni mwa barabara, shati la kijani, mkono wa kuume umeinuliwa juu kumpungia. Alimjibu kwa taa ya kuume, mara mbili, kisha akaenda kufundisha. Kwa mambo ya leo alitumia kioo cha kushoto na shingo yake.

Nyumbani, binti yake Exaucée alisonga bukari, ugali wa kwao, huku akimsikiliza.

"Mama, nunua tu ingine," alisema. "Angalau utaanza kuona mamotoka yenye kukupita."

"Mamotoka nitaona mpaka nikufe."

"Na papa yangu?"

Honorine alimega tonge, akalishika mkononi mpaka likapoa.

Siku mbili aliendesha bila kioo. Kwenye kivuko aligeuza shingo akaona mwanamke anauza makaa, na mbuzi. Siku ya Alhamisi akafanya wanavyofanya watu wenye akili wa mji huu: hakwenda polisi, alikwenda kwa wauza vipuri kukinunua tena kioo chake.

Mmoja wao, Chisanga, alikuwa ameketi chini ya vioo vyake, vimetundikwa kwa kamba kama samaki wa kukaushwa. Alimfahamu marehemu. Alisimama, akavua kofia.

"Pole, mama Exaucée. Ilifika hapa Jumanne, saa munane."

"Basi nipe."

"Ilishaenda. Kwanza mutu wa taxi aliibeba, akairudisha siku ileile. Anasema inamuonyesha bibi yake wa kwanza, iko natoka mu nyumba na sanduku ku kichwa. Akaniambia: Chisanga, miye nilikuomba kioo, sikukuomba bibi."

"Na kisha?"

"Kisha mukubwa mumoja akaipenda. Hakuuliza bei. Bakubwa habaulizake bei." Chisanga alijikuna shingo. "Nilikata pembe moja kidogo, ili iingie ku jeep yake. Ile pembe ya juu. Mwandiko wa bwana yako sikugusa, naapa."

"Wewe unanunua kwa wezi, Chisanga."

"Mama, kama sinunue, ungekuja kuikuta wapi?"

Honorine aligeuka akalitazama gari lake. Kioo cha kushoto alikinunua hapohapo, mwaka jana, na namba iliyochorwa juu yake haikuwa yake.

Sasa ndipo alipokwenda polisi, kwa kuwa hapakubaki pengine pa kwenda.

Kituo kilikuwa na ua wa udongo mwekundu, mama mmoja akiuza mikate mlangoni, na jeep ya kamanda imeegeshwa kivulini. Honorine aliuona mwandiko kabla ya kukiona kioo. Ile saba yenye mkia, ile tatu iliyonona. Alikaribia, akainama kama mtu anayejitazama meno.

Nyuma ya jeep palikuwa na ukuta na pipa la maji. Katika kioo palikuwa na kivuko cha reli, jua linazama. Alphonse alikuwa amelala ubavu katikati ya barabara, kiatu kimoja kimetoka, mashine yake imeanguka karibu na goti. Alizidi kuwa mdogo, kama anavyokuwa mdogo mtu anayeachwa na gari linalokwenda kasi. Akawa kama mtoto, akawa kama kuku, akawa nukta. Halafu ikaanza upya. Toka mwanzo hadi nukta palikuwa na muda wa Salamu Maria tatu. Honorine alijua, kwa sababu alizisali.

Kamanda alitoka ofisini na kijiti mdomoni, ametoka kula.

"Madame, unatazama jeep yangu?"

"Natazama kioo yangu."

"Ah! Ni ya kwako?" Alisema kama mtu aliyepata nafuu. "Inanichokesha hii kitu. Nikirudi nyuma, sioni ukuta, naona tu huyu mutu. Mara mbili nimegonga pipa."

"Ni bwana yangu."

Kamanda aliinama naye. Walitazama pamoja mpaka Alphonse akawa nukta.

"Ndiyo," alisema. "Siku ile tulikuwa na haraka ya kufika Luano, ku uwanja wa ndege. Mugeni wa Kinshasa alikuwa anashuka na ndege."

Honorine aliuliza kama mgeni huyo walimkuta.

"Tulimukuta. Ndege ndiyo ilichelewa. Tulingojea masaa matatu."

Mama wa mikate aligeuza mikate yake, upande huu kisha upande ule.

Ofisini, afisa aitwaye Guelor aliweka karatasi mbili mezani, akapuliza vumbi. Alikuwa kijana mpole. Mdogo wake alifundishwa kusoma na Honorine.

"Madame, kuko njia mbili," alisema. "Ya kwanza, unafungua tena dossier ya marehemu. Mule baliandika gari haijulikane. Wewe unasema inajulikana."

"Iko hapo inje."

"Iko hapo inje, ndiyo. Lakini shahidi ni nani? Kioo haiwezi kuapa, haina mukono wa kuinua. Tena itakuwa kitu cha ushahidi, tutaifungia mu depo mpaka siku ya kesi ku tribinali."

"Siku gani?"

Guelor alitazama dirisha. "Mu depo yetu, bitu bikiingia, habitokake. Mwezi uliopita baliiba hata kufuli ya depo."

"Na njia ya pili?"

"Unaweka saini hapa, kioo inarudi kwako leo. Kamanda ameshakubali. Yeye mwenyewe haitaki."

Karatasi ya pili ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa mashine, na herufi nzuri. Ilisema kwamba mama huyu amepokea mali yake yote, haikupungua kitu, naye hana malalamiko juu ya mtu yeyote, ya leo wala ya zamani.

Honorine aliisoma kama alivyosoma kazi za wanafunzi, kidole chini ya mstari. Kwenye neno *zamani* kidole kilisimama. Aliwaza juu ya depo, giza, kioo kimegeuziwa ukuta, na Alphonse ndani yake ameinua mkono, hakuna wa kumwonyesha taa. Aliwaza pia juu ya yule wa kwenye jeep, anayeachwa kila baada ya Salamu Maria tatu. Wote wawili walikuwa mume mmoja. Aliomba kalamu.

"Kuko kosa moja ya kuandika," alimwambia Guelor kabla ya kutia saini. "Baliandika *haikupungua*."

"Kosa iko wapi, madame?"

"Hapana. Acha tu."

Chisanga alikirudisha kioo mahali pake kwa gundi, jioni ileile, wala hakutaka asante.

Asubuhi ya Ijumaa Honorine alivuka reli. Katika kioo cha kuume Alphonse alikuwa amerudi kwenye miguu yake, ukingoni, shati la kijani, viatu vyote viwili. Alikuwa anampungia. Ila mkono wenyewe, toka kiganja hadi kiwiko, ulikuwa katika ile pembe ya juu, na pembe ile ilibaki imetupwa mahali fulani sakafuni kwa Chisanga. Bega lilipanda, likashuka. Honorine aliwasha taa ya kuume, mara mbili.

Hapo honi ikalia. Katika kioo cha kushoto, kile cha mambo ya leo, jeep ya kamanda ilikuwa imemkaribia, taa kali mchana kweupe, na kioo kipya kilichochorwa namba ya mtu mwingine. Kamanda alikuwa na haraka. Magari yote yalikuwa yakimpisha.

Honorine naye alimpisha. Alisogea kuume polepole, macho kwenye kioo, asije akamgonga Alphonse.