Hasa De

Umeme wa ofisi yao ulipokatika, Jedidah na Morris walihamia kwenye hoteli yangu ya chakula hapa mtaa wa Hai Cinema, Juba, wakachomeka kompyuta kwenye jenereta yangu na kuanza kubishana. Ni Wakenya, wanaandika programu ya kukadiria kina cha mto kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Haskell. Bosi alitaka wachague maktaba ya hesabu. Nilidhani maktaba ni vitabu. Kumbe ni hesabu ambazo watu wengine wameshaziandika na kuzigawa bure, wewe unachukua tu. Ya Jedidah imeegemea Fortran, lugha ya tangu zamani. Ya Morris ni Haskell tupu. Mwenye maktaba ya kasi ndiye angezungumza mbele ya wafadhili saa nane, na Morris alikuwa ameshavaa suti. Joto la Juba, suti.

"Yangu imechukua dakika nne," Jedidah akasema.

"Yangu imemaliza," Morris akasema, kidole bado kiko kwenye kitufe. "Wewe rudi nyumbani kwako Lemon Gaba ukalale, dada."

Akaagiza nyama ya mbuzi ya kujipongeza.

"Hasa de, bosi," akajibu Namukasa, mpishi wangu, kutoka jikoni.

Hapa Juba hasa de maana yake ni sasa hivi. Hotelini kwangu maana yake ni kwamba mbuzi bado yuko soko la Malakia, pengine anatembea.

"Morris, jibu liko wapi?" Jedidah akauliza.

"Limo ndani."

"Litoe tulione."

Morris akabonyeza. Jibu halikutoka. Feni ya kompyuta ikaanza kunguruma kushinda jenereta.

"Haskell ni mvivu, wajua," Jedidah akasema. "Haipigi hesabu mpaka mtu adai jibu. Wewe umepima muda wa kuahidi."

"Kama Namukasa," nikasema.

"Mzee Gaetano, mimi usiniingize," Namukasa akasema, akatupita na kikapu akielekea sokoni.

Saa nane ikakaribia. Feni bado. Jedidah akaangalia doa la chai kwenye blauzi yake, kisha akamnyooshea Morris mkono.

"Leta koti."

Akapanda boda kwenda kwa wafadhili akiwa amevaa koti la suti, mikono ya koti ikimfunika vidole. Morris akabaki na shati lililolowa jasho.

"Mzee, nyama yangu?"

"Hasa de. Na jibu lako?"

Akabonyeza kitufe tena.

"Hasa de," akasema.