Injini ya Pili

Shangazi, mwenye kampuni, alikataa katakata helikopta ya injini mbili. Mafuta maradufu, mafundi maradufu, za nini? Mpwa wake, rubani, akaona maneno matupu hayavunji mfupa. Akampandisha ile kuukuu ya injini moja, na walipofika juu ya uwanja akaizima makusudi.

"Umeona, shangazi? Ingekuwepo ya pili!"

Shangazi akaita marehemu wote wa ukoo. Lakini mapanga ya juu ya helikopta yaliendelea kuzungushwa na upepo, yakaishusha taratibu, na rubani, kwa maringo yake, hakuweza kutua vibaya hata kwa kuigiza. Akaiweka kwenye nyasi kama anayelaza mtoto.

Shangazi akafumbua jicho moja, akaangua kicheko.

"Mwanangu, kumbe hata hii injini moja tuliinunua ya nini?"