Babu wa Tangini

Duniani kuna mafundi bomba, halafu kuna Koki. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema popote palipo na masikio: dukani, kwa kinyozi, hata msibani aliwahi kuyaanza, dada yake akamkanyaga mguu. "Maji yakishapita mikononi mwangu," alisema huku akizungusha spana kidoleni, "hata mgonjwa akiyanywa anaamka na kudai chakula. Wa kudhuriwa na maji ya Koki bado hajazaliwa."

Jina la Koki alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya kazi, nusu kwa sababu mdomo wake ukishafunguka hapakuwa na fundi wa kuufunga. Alikaa na dada yake mkubwa, mshonaji, katika vyumba viwili vya kupanga upande wa uani. Mume wa dada alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu aliyekuja nyumbani kwake kama mgeni, begi mkononi. Safari hii, kabla ya kuondoka, alimshika Koki bega.

"Shemeji, nakuachia watu wawili," alisema, macho yake yakiwa kwenye tumbo la mkewe.

"Wawili tu? Niachie hata kumi."

Walicheka, lakini Koki alielewa vizuri alichokabidhiwa. Mimba ile ilikuja baada ya miaka ya kungoja, ya dawa, ya maswali ya majirani yaliyovikwa nguo za salamu. Miaka yote hiyo dada alishonea watoto wa wenzake huku akitabasamu, pini amezibana mdomoni. Sasa alikuwa akishona vya kwake. Kila alipomaliza kigauni alikiinua kwenye mwanga, akakikunja, akakifungua tena kukitazama.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane aliyekaa vyumba vya mbele. Katikati ya uwanja palikuwa na tangi la zege lililochimbiwa nusu ardhini, likipokea maji ya mvua kutoka mabatini. Mfuniko wake wa mbao ulikuwa umeoza pembeni, ukaacha upenyo wa kupitisha ngumi. Na ndani ya tangi aliishi samaki. Marehemu mume wa bibi alimtia humo angali mdogo kama kidole, na mume alipofariki, bibi akaanza kumwita samaki Babu. Kila asubuhi aliinama, akagonga mfuniko kwa pete yake, ngo ngo ngo, akasubiri mpaka maji yatikisike chini. Hapo ndipo alipokwenda kuwasha jiko. Lakini hakumtupia hata punje.

"Bibi, mzee wa watu si umlishe?" Koki alimuuliza siku moja.

"Akishiba atasahau kazi."

"Kazi gani? Ana kitambulisho?"

"Anakula watoto wa mbu, baba. Na ule ute wa ukutani. Maji yanamlisha, naye anayalinda. Marehemu ndivyo alivyowapatanisha."

"Kumbe mimi na yeye tunagombania mteja mmoja," Koki akasema, na bibi akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mambo yalianza kuharibika kwa gamba moja. Gamba dogo la samaki, jembamba kama ukucha wa mtoto, lilielea kwenye kikombe cha dada. Dada aliliona, akaziba mdomo, akakimbilia nyuma ya nyumba. Tangu hapo kila maji aliyoshika yalimnukia samaki.

"Siwezi, mdogo wangu. Nikinywa yanarudi."

"Na samaki wa kukaanga je?"

Dada akafikiri. "Huyo hata sasa hivi. Hata wawili."

"Kwa hiyo samaki kikombeni hapana, samaki sahanini karibu. Dada, hiyo mimba ipelekwe shule."

Bibi alikuwa anasafiri kumwangalia ndugu yake mgonjwa. Akamwita Koki, akamwonyesha koki ya tangi iliyokuwa inavuja. "Hii tu, baba. Tangi lenyewe liache lilivyo."

Kazi ya koki haikumchukua muda. Alipomaliza alibaki amesimama, anatazama mfuniko, anafikiria dada yake aliyekuwa ndani amelala na midomo mikavu. Fundi wa kweli, alijiambia, haachi kazi nusu. Akaleta pampu, akayamwaga maji yote kwenye mlimao uliokuwa kando ya ukuta. Akashuka na ngazi, brashi na chokaa. Kuta zilikuwa na ute wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Aliukwangua wote, mpaka zege likawa jeupe kama meno ya kwenye tangazo.

Tumpe haki yake: ndoo ya kumhifadhia Babu alikuja nayo. Ilikuwa pale juu, imejaa maji, inasubiri. Lakini Babu alipobaki kwenye kidimbwi cha mwisho akipigapiga mkia, alionekana mnono, kiganja na nusu, mgongo mweusi unaong'aa. Jicho moja lilimtazama Koki. La pili lilikuwa limefumba, kovu la zamani. Koki akakumbuka sahani ya dada yake.

"Mzee," akamwambia, "umestaafu."

Jioni ile dada alikula kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Alifika kichwani, akakigeuza huku na huku.

"Koki, mbona samaki wako ana jicho moja?"

"Muuzaji ni mfanyabiashara, dada. La pili ameliuza rejareja."

Dada alicheka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Acha, acha! Hata mtoto anacheka, shika hapa uone." Koki akaweka mkono, na kweli, chini ya kiganja chake kitu kikapiga, kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowajua. Akaapa kimoyomoyo kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ya siku ile.

Bibi aliporudi aliinama kabla hata ya kuweka mzigo. Ngo ngo ngo. Akasubiri. Akagonga tena. Koki alikuwa ameshaiandaa sura yake ya huzuni.

"Bibi, pole. Nilimkuta ameelea ubavu. Uzee. Nimemzika pale chini ya mlimao, kwa heshima zote."

Bibi alikaa kwenye ukingo wa tangi. "Aliteseka?"

"Hata kidogo."

"Ahsante kwa kumzika, baba. Wengine wangemla."

Koki akakohoa.

Kesho yake bibi aliokota jiwe, akaliweka chini ya mlimao. Na kila asubuhi, badala ya kugonga mfuniko, alikwenda na kikombe, akamimina maji taratibu pale penye jiwe. Koki alikuwa akipiga mswaki uani na kuona. Alijifunza kupigia mswaki ndani.

Mvua zilikuwa zimeanza, tangi likajaa. Koki aliinua glasi ya kwanza juani. "Ona, bibi, gazeti unasoma humu ndani! Usihangaike kutafuta samaki mwingine. Maji haya hayataki mlinzi."

Bibi aliitazama glasi kwa muda. "Mazuri," akasema. "Ila yamekuwa mapweke. Mwingine nitamtafuta, baba. Ngoja kwanza nimalize kumlilia huyu."

Dada alikunywa, na maji hayakurudi. Alimpigia mumewe simu akamsifia mdogo wake mpaka Koki mwenyewe akaona haya, jambo ambalo si la kawaida.

Halafu wakaja mbu. Mwanzoni mmoja mmoja, kama wageni wanaouliza njia. Baadaye wakaja na ukoo mzima. Joto la chumbani lilimsukuma dada barazani na cherehani yake, hatua chache kutoka tangini, na huko alishona jioni mpaka giza likamzuia kuona uzi. Mikono ikiwa kwenye kitambaa na miguu kwenye pedeli, hakuwa na kiungo cha kujipigia mbu. Vifundo vyake vya miguu vikajaa vipele. Kitandani alilala ndani ya chandarua, lakini mbu walishakula kabla hajaingia. Katika nyumba nzima aliyefurahi ni mjusi wa ukutani: alinenepa mpaka akawa anatembea kwa kujisukuma.

"Hawa wametoka wapi mwaka huu?" dada aliuliza.

"Ni wa msimu. Wamesikia unashona, wamekuja kupimwa."

Lakini asubuhi moja dada akiwa bado amelala, Koki alifunua mfuniko. Maji yalikuwa hai. Juu yote, ukuta hadi ukuta, viluwiluwi vilijikunja na kujinyoosha, vikazama na kupanda, maelfu, vikicheza ngoma isiyo na sauti kwenye tangi lake jeupe safi. Chini hapakuwa na mtu wa kuvila. Ukutani hapakuwa na ute, hapakuwa na chochote ila weupe. Koki akaelewa yote pale pale, maana mjinga hakuwa. Akafunika haraka, akatazama nyuma kama mwizi.

Dawa ilikuwa rahisi: samaki mdogo kama kidole. Lakini bibi angeuliza, "Si ulisema maji haya hayataki mlinzi?" Na akianza kuuliza, huyo mwanamke haishii njiani. Koki alipanga amlete siku bibi hayupo. Kesho, akasema. Kesho ikaja na bomba lililopasuka kwa mteja. Ya pili yake ikaja na mvua. Nyumbani aliyachuja maji kwa kitambaa, akayachemsha, akampa dada glasi safi, akajiambia kwamba hiyo inatosha. Kumbe hatari haikuwa tena ndani ya glasi. Ilikuwa imeshaota mabawa.

Dada alianza kwa kutetemeka juani. Akasema ni uchovu. Kisha akawa anaongea na mumewe aliyekuwa mbali kama vile amekaa pembeni yake, na Koki akambeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari.

Hospitalini muuguzi alimchoma kidole, akaenda, akarudi na uso uliobadilika. Malaria, na imefika mbali, huenda imeshamfikia mtoto kwenye kondo la nyuma. "Nyumbani kuna maji yaliyotuama karibu?"

"Hapana," Koki akasema. Lilimtoka kwa mazoea, kabla hajalichagua. "Kwetu maji ni safi kabisa."

Mtoto alizaliwa siku ile, kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kike. Alikuwa na kila kitu: kucha, kope, mikunjo ya viganjani. Alichokosa ni sauti. Muuguzi alimfunika, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba Koki alisikia tone likidondoka kutoka koki ya sinki, akajikuta anawaza kwamba inataka kubadilishwa mpira, akajichukia kwa kuwaza hivyo.

Simu ikaita. Shemeji, mahali fulani barabarani, injini ikinguruma nyuma yake. "Koki! Nimeota nimekuwa baba. Hebu nichekeshe, niambie ni nani, wa kike au wa kiume?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kila swali alimpa muuguzi simu, akatoka kwenye korido.

Dada alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama nguo iliyovuliwa. Barazani cherehani ilikuwa kama alivyoiacha, kimkono cha kigauni kimebanwa chini ya sindano. Hakuna aliyethubutu kukitoa. Majirani walikuja, wakasema wanayosema watu, wakaondoka. Bibi ndiye aliyebaki. Alikuja na bakuli la uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamlisha dada kijiko kwa kijiko kama mtoto. Koki alisimama mlangoni na ndoo ya maji aliyokuwa ameyachemsha, hajui pa kuiweka.

"Mwanangu, nisamehe," bibi akasema ghafla.

"Nikusamehe nini tena, bibi?"

"Samaki. Nilikuwa nimlete mwingine. Kila nikitaka kwenda, najiona kama mjane anayeolewa nguo za msiba hazijakauka. Nikakaa namlilia samaki, mimi mtu mzima, mbu wakazaliana chini ya pua yangu. Kilio changu cha kijinga ndicho kilichokuondolea mtoto."

"Usijibebeshe hayo, bibi," dada akasema kwa sauti ndogo. "Samaki alizeeka tu, akafa."

Bibi akamgeukia Koki. Macho yake yalikuwa mekundu, yanaomba. "Kweli, baba? Ulikuwa uzee? Niambie, maana silali. Nasema labda nisingesafiri."

Mlango wa kukiri ulikuwa umefunguliwa wazi. Neno moja tu, na bibi angetua mzigo usio wake. Koki alilisikia neno lenyewe likipanda kooni.

"Uzee, bibi," akasema. "Nilimzika kwa mikono yangu hii."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Akachota kijiko kingine. "Kweli alikuwa mzee. Jicho lake moja lilifumba zamani, ndoo ilimponyoka marehemu ikampiga. Mume wangu hakula siku ile. Jicho la samaki, mwanangu! Mwanamume mzima hakula kwa ajili ya jicho la samaki."

Dada alikuwa amefungua mdomo kupokea uji. Akaufunga. Kijiko kikabaki hewani mkononi mwa bibi.

"Jicho moja?" dada akauliza.

"Moja. La pili pamebaki kovu."

Dada aligeuza kichwa juu ya mto. Hakumtazama Koki kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akitafuta ni wapi mkasi ulipokosea.

"Koki."

"Naam, dada."

"Yule muuzaji wako wa samaki. Yule wa rejareja. Jicho la pili alimuuzia nani?"

Koki aliitua ndoo pale mlangoni. Alitafuta mzaha, hata mdogo, hata mbovu. Bibi alimtazama dada, akamtazama Koki, akamrudia dada. Kisha taratibu akaliweka bakuli sakafuni.

"Sasa pale chini ya mlimao," akauliza, "kila asubuhi nimekuwa nikimmiminia nani maji?"