Tairi la Nyuma Kushoto

Ukiziba ufa utajenga ukuta, ndivyo Mama Viraka alivyopenda kuwageuzia methali wateja wake, ingawa kuziba ndiko kulikomlisha. Tundu lina lake la kusema. Lisikilize kwanza, ndipo ulifunge mdomo.

Asubuhi ile mfanyabiashara wa saruji alisimamisha pikapu nyeupe mbele ya kibanda chake, kando ya barabara kuu. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala nusu, kama chapati nene.

"Linapungua upepo kila usiku," alisema bila kushuka. "Mafundi watatu wameziba, viraka vinabanduka. Jipya sinunui. Nasikia bei yako ni ya kibinadamu."

"Karibu, kaka. Ya kibinadamu nitakupa."

Alipiga jeki, akafungua nati, akachomoa tyubu na kuizamisha kwenye beseni. Mapovu yakapanda karibu na valvu. Kila povu lilipopasuka lilitoa neno.

"Simama."

"Ndugu dereva."

"Ni mguu tu. Nipeleke hospitali."

Ilikuwa sauti ya mumewe. Aligongwa mwaka jana kwenye kona iliyoonekana kutoka pale kibandani. Alivunjika mguu tu. Kilichomuua ni kungoja gari la kumpeleka hospitali.

Askari wa barabarani, aliyekuwa akisubiri pancha ya pikipiki yake, aliinama juu ya beseni. "Shemeji, huyo si mzee wako?"

"Ndiye."

"Anasikika vizuri."

"Kifua chake kilikuwa kizima."

Mfanyabiashara alishusha kioo hadi chini. "Kumbe. Mimi nilidhani msumari."

"Ulimwona?" Mama Viraka aliuliza.

"Nilimwona. Lakini nilikuwa na mzigo, na mvua ilikuwa inakuja. Saruji ikilowa ni hasara."

Mama Viraka akamtazama askari. Askari akaanza kufuta kofia yake ya chuma, ambayo haikuwa na vumbi.

"Shemeji, upepo nitauapisha vipi mahakamani? Hauna hata mkono wa kuinua."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka kidogo, kwa sababu alikuwa amesema vizuri.

Povu jingine likapasuka. "Simama."

Akiziba, mumewe angezungushwa barabarani chini ya mifuko ya saruji mpaka tairi lichakae. Asipoziba, kufikia jioni angekuwa ameisha. Na kule nyumbani kitinda mimba alikuwa ameshaanza kuuliza baba alikuwa anaongeaje.

Akabana tundu kwa kidole gumba. Akachukua tyubu ya zamani iliyokuwa ikining'inia ukutani, akaziunganisha valvu mbili kwa mpira mwembamba, kisha akaikalia ile ya pikapu kwa uzito wake wote. Ya zamani ikavimba taratibu. Alipoona ile ya chini imenywea kabisa, aliipiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka na kukigonga. Akaijaza upepo wa pampu, upepo wa bure usiomjua mtu. Akaizamisha tena. Beseni likanyamaza.

Tairi likarudi mahali pake. Mfanyabiashara aliwasha gari, akasikiliza, akaridhika. Kisha akaiona tyubu iliyovimba mapajani mwa fundi.

"Na huo upepo?"

"Wa mume wangu."

"Umetoka kwenye tairi langu. Mwaka mzima nimeubeba kwa mafuta yangu."

Askari alikohoa. "Kwa kweli, shemeji, kilichomo ndani ya tairi ni cha mwenye tairi. Muombe radhi mwenzio, yaishe."

"Sina roho mbaya," alisema mfanyabiashara. "Upepo baki nao, ndiyo malipo ya kazi. Lakini umechukua bila kuuliza. Radhi utaniomba, tena hawa wote wasikie."

Foleni ikangoja. Askari akamkonyeza Mama Viraka, kama mtu amwoneshaye mwenzake mlango ulio wazi. Yeye akafuta valvu kwa upindo wa gauni lake, akaikaza kifuniko.

"Siombi," alisema.

"Hata kwa adabu tu?" aliuliza mfanyabiashara.

"Siombi radhi. Ondoa gari, kuna wateja."