Mkalimani Aliyesajiliwa

Mkono wa binti yake uliganda njiani.

Mtoto alikuwa ameanza vizuri. Uso umekunjamana, vidole vimefanya alama ya maumivu, kisha mkono ukaanza kwenda mwilini kuonyesha mahali panapouma. Hapo picha ikakwama. Fundi aliiinamia simu iliyoegemea cherehani, akasubiri mkono utue. Kichwani? Kifuani? Tumboni? Kiduara kilizunguka katikati ya kioo, kikazunguka, halafu kila kitu kikakatika.

Akapiga tena. Bando lilikuwepo. Mnara ulikuwa palepale, unaonekana mlangoni. Kwenye benchi, mteja aliyesubiri suruali yake alikuwa akitazama mpira kwa laini ya kampuni ileile ya simu aliyotumia Fundi, na wachezaji wake walikimbia bila kukwama hata mara moja.

Binti alikuwa darasa la kwanza katika shule ya bweni ya viziwi, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa kiziwi kama Fundi, mama yake, na hajajua kuandika zaidi ya jina lake. Kesho yake matroni alituma ujumbe: ni jino tu, tumeling'oa.

Kampuni ya simu iliyaita mambo hayo majaribio. Mitandao mikubwa ya video iliyoilipa kampuni ilipitishwa njia ya haraka, isiyolipa ilisubiri. Programu ya video ya viziwi ilikuwa imetengenezwa na vijana wachache, viziwi wenyewe, ndani ya chumba cha kupanga. Wangelipa nini? Sheria ilikuwa bado inataka kila kitu mtandaoni kipite sawa, kwa hiyo kampuni iliomba sheria ifutwe, na kamati iliyopewa kulichunguza ombi hilo ikawaita wananchi watoe maoni.

"Twende ukawaambie," mdogo wake Fundi, anayesikia, alisema kwa mikono. "Mimi nitakuwa mdomo wako, kama siku zote."

Siku zote ilikuwa kweli. Dukani, benki, kwa mwenye nyumba. Hata siku binti alipozaliwa, mdogo wake alisimama kichwani pa kitanda akimtafsiria maneno ya mkunga: sukuma, pumzika, sukuma. Baadaye alisomea kazi hiyo, akasajiliwa, akawa anaitwa vibarua vya siku mojamoja serikalini.

Ukumbini Fundi alivaa gauni alilolishona mwenyewe. Alipoitwa, alisimama mbele ya kamati, mdogo wake nyuma ya bega lake na kipaza sauti.

"Nyinyi simu ikikatika-katika, bado mnasikia kitu," alisema kwa mikono. "Mwanangu akikatika, mimi nabaki na picha tu. Sijui anaumwa wapi. Msiiuze njia. Mwacheni apite kama mpira wa miguu unavyopita."

Hakuwa na sauti ya kupima, basi alipima nyuso. Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu kukubali. Meneja wa kampuni, mstari wa mbele, alitoa leso akafuta jicho. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Aliinua mikono juu akaichezesha, makofi ya viziwi, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Umemwona?" Fundi alimtania mdogo wake walipotoka. "Hata yule kalainika! Ningekuwa na sauti, ningegombea ubunge."

Mdogo wake alicheka, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Sheria ilifutwa kabla shule hazijafungwa. Sasa video haikukwama tena, haikuanza kabisa. Fundi alikuwa bado anajiuliza amekosea wapi siku mteja wa mpira alipoingia huku akionyesha meno yote.

"Fundi! Kumbe mtu mkubwa hivi, unatuficha!" Alitamka polepole ili Fundi asome midomo, akamgeuzia simu.

Ilikuwa taarifa ya habari. Fundi alijiona ndani ya gauni lake, mikono ikisema msiiuze njia. Chini yake maandishi yalipita: *Sisi viziwi tunaishukuru kampuni. Njia ya haraka itatukomboa. Tunaomba sheria ifutwe.* Video yenyewe ilikwenda laini, kila kidole kikionekana.

Alimkuta mdogo wake kwa mama yao, anamkanda miguu. Kitambulisho cha kampuni kilining'inia shingoni.

"Nilisema nini siku ile?" Fundi aliuliza. "Nionyeshe kwa mikono."

Mdogo wake alianza kujibu kwa mdomo, upesi, uso ameugeuzia ukutani. Fundi alimshika kidevu akamrudisha.

"Wameniajiri, dada," mikono ikakubali hatimaye. "Ajira ya kudumu. Mama anatibiwa kwa bima yangu. Wewe ungemtibu kwa kitu gani, vifungo vya nguo?"

"Na mwanangu?"

"Nimebeba maneno yako tangu sijaota meno ya ukubwani. Yangu ningeyasema lini?"

"Nimekuuliza mwanangu."

"Wameahidi kuipitisha programu yenu njia ya haraka. Wakipata nafasi."

"Nani kaahidi?"

"Meneja."

"Kwa mdomo?"

Mdogo wake aliirudisha mikono kwenye miguu ya mama, akaendelea kukanda. Mama yao aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kuna nini.

Asubuhi Fundi alikwenda ofisi ya kamati na maelezo yake ameyaandika kwa mwandiko safi. Karani aliyasoma yote, tena kwa heshima, akayarudisha. Chini yake alikuwa ameandika: ushahidi wa mdomo husahihishwa kwa mdomo, mbele ya mkalimani aliyesajiliwa.

Fundi akaandika: mwiteni.

Karani alipiga simu, akamwonyesha kiti. Watu waliingia na kutoka, wakagongewa mihuri. Mlango ulipofunguliwa tena, karani alisimama kwa tabasamu, akavuta kiti cha pili.

"Karibu, dada. Samahani kwa usumbufu. Si unajua mkoa mzima tuna wewe tu?"

Mdogo wake aliketi. Hakumtazama Fundi. Alitoa kitambulisho cha kampuni shingoni, akakitia mkobani, akaweka viganja mezani.

Fundi angeweza kuondoka. Aliuangalia mlango. Kisha akasimama katikati ya chumba, akainua mikono, akaanza upya kutoka neno la kwanza, taratibu, kila alama akiikamilisha kabla ya kushika nyingine.

Karani alichukua kalamu. Mikono hakuitazama. Alimgeukia mdogo wake, na Fundi akaisoma midomo yake vizuri kabisa.

"Enhe. Anasemaje?"