Majini Hakuhubiriwi

Wendell Crouch alikuwa anageuza soseji kwenye jiko la gesi pale ufukoni alipoiona kamba ya mguuni ya Rhett, imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni cha gari la mwenyewe. Imekunjwa vizuri. Akaliweka koleo chini, akaisogelea.

Hakuna mwenye akili anayeingia kwenye mawimbi ya ufuko wa Karrup bila kamba ya kumfunga na ubao wake wa kupandia mawimbi, sembuse bahari ya leo iliyokuwa ikinguruma tangu alfajiri. Na Rhett hakuisahau. Kitu ulichokisahau hukikunji.

Halafu Rhett alikuwa amemwomba! Hilo ndilo lililomkata maini Wendell. Nusu saa tu iliyopita walikuwa wamekaa juu ya mbao zao, nje ya mahali mawimbi yanapovunjikia, Rhett akasema bila kumtazama, "Mchungaji, niombee." Naye Wendell, mjinga wa wajinga, akajibu, "Tukitoka, ndugu yangu. Kwenye chai." Kisha akadaka wimbi, akarudi zake ufukoni.

Miaka kumi na mmoja nyuma, alipofika na Biblia yake na soseji za bure, wenyeji walimpa sharti moja: mchangani hubiri mpaka koo likauke, majini funga domo. Alilishika sharti hilo kuliko alivyozishika amri za Mungu, na akalionea fahari.

"Vern! Rhett yuko wapi?"

Vern, mkongwe wa ufuko ule na mwenye sharti lenyewe, alikuwa na mkate mdomoni. "Si yuko huko nje. Mwache apumue, bwana. Tangu mwanawe afe hataki watu."

"Hana kamba."

Vern aliacha kutafuna. Akaitazama ile kamba, akatoa simu. "Nawapigia waokoaji. Na wewe una miaka sitini na minne, usije ukajifanya..."

Wendell alikuwa ameshaukwapua ubao wake, anakimbia.

Bahari ilimchapa bila huruma. Mara sita ilimrudisha alikotoka, na mara sita akamwambia Mungu maneno ambayo asingethubutu kuyatamka kanisani. Alipopenya, kifua kilikuwa kinawaka moto.

Alimkuta Rhett mbali sana, mkondo ukimvuta, ameupa ufuko mgongo.

"Rudi, Mchungaji."

Wendell aliivua mguuni kamba yake mwenyewe, iliyoshikana na ubao wake, akamfunga Rhett kifundoni kabla hajauondoa mguu.

"Fungua."

"Sifungui."

"Siku ya kumuaga mwanangu Jye, tulipokaa duara hapa majini, tukamrushia maua, ulisema Bwana amemwita." Sauti ya Rhett ilikuwa kavu. "Hakuna Bwana aliyemwita. Lilikuja wimbi kubwa, mtoto akasita, akanitazama. Mimi ndiye niliyepiga kelele, Nenda! Asingekwenda, Wendell. Alikuwa anasubiri neno langu."

Kila mtu wa Karrup amewahi kumpigia mwenzake kelele hiyo. Ndiyo heshima yao: wimbi zuri unamwachia mwenzio, kisha unamhimiza alipande. Wendell aliwahi kumpigia Jye huyo huyo, tena mara nyingi. Akalia, wala hakujificha.

"Haya, omba basi," Rhett alimdhihaki. "Si ndicho kilichokuleta?"

"Siwezi." Meno yalikuwa yanagongana. "Na kurudi pia siwezi, Rhett. Mikono imekufa. Sikutegi, ni kweli."

Rhett akageuka. Midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi, vidole vinateleza pembeni mwa ubao. Nyuma yao maji yalikuwa yanaanza kuinuka, safu nyingine ya mawimbi inakuja. Kama Rhett angekaa pale alipo, Wendell angetangulia kufa, mbele ya macho yake.

"Mzee mpumbavu wewe! Nani alikuita?" alifoka, na sauti ikamkatika katikati.

Akamkamata ukosi, akamlaza kifudifudi juu ya ubao wake mzee mwenyewe. Kisha akalala juu ya wa kwake, akaanza kupiga maji kuelekea ufukoni, akimkokota mzee kwa ile kamba iliyokuwa kifundoni mwake, huku akilia kwa sauti.

"Shika ubao," alisema. "Usiachie. Nakuomba, Wendell, na wewe usiachie."