Mandari ya Waliolala

Makame alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka mjini Mbeya. Mwaka 1956 Bwana Himmat, mwenye hoteli ya chai pale Uyole, alimwita amchoree ukutani picha ya watu waliokwenda mandari, wenye mkeka, birika, vyakula na vicheko.

Makame hakuwahi kwenda mandari. Alichora mkeka na birika, lakini watu wote akawalaza. Mwanamume mmoja alijifunika kofia usoni, na mwanamke kando yake alikuwa amevua viatu.

"Fundi, mbona wamelala?" Himmat alifoka. "Mimi nilitaka wacheke!"

"Niwie radhi, bwana. Nilijiuliza ningefanya nini nikipata siku moja bila kazi. Sikuona kingine."

"Wafumbue macho leo hii."

Makame akapanda ngazi tena, mgongo ukimuuma. Akamwondolea mwanamume kofia, akawafumbua macho mmoja mmoja, akawachorea meno. Alipofika kwa yule mwanamke, akashusha brashi.

Himmat, aliyekuwa akifanya kazi jikoni tangu alfajiri, alitoka akamtazama mwanamke yule kwa muda mrefu.

"Huyo mwache," akasema, akavuta kiti akaketi.